Sura ya Saba: Mwaridi Usiolala

Nyuma ya nyumba ya bibi yangu, Ngamiani mjini Tanga, palikuwa na debe la mafuta lililokatwa mdomo na kutobolewa chini kwa msumari. Ndani ya debe hilo uliota mwaridi wa maua madogo, yenye harufu iliyokufikia ukiwa bado ukumbini. Debe lilikaa baina ya kisima na ukuta wa jiko, mahali palipopata jua la asubuhi kisha pakaingia kivuli cha mwembe wa jirani baada ya adhuhuri. Sisi watoto hatukuruhusiwa kulisogelea. Maua yake yalikuwa na kazi: yaliingia kwenye kikuba pamoja na asumini, rihani na kilua, na siku ya Maulidi yalitandazwa juu ya sinia pembeni mwa mrashi.

Kila mwaka, mwezi wa Mfungo Tano ulipoandama, bibi alitoka uani asubuhi yake na kisu alichokinoa kwenye jiwe, akaukata mwaridi wake karibu nusu. Hakuangalia kama una maua au hauna. Mwaka nilipokuwa na miaka tisa ulikuwa umejaa vitumba, nikalia kuviona vinaanguka chini. Bibi hakunikemea. Alinikalisha kwenye kibao cha mbuzi, akaniambia, "Mke mwenzangu, nisipoukata leo, Maulidi utaukuta umechoka."

Nilikuwa mtu mzima, na bustani yangu mwenyewe, siku nilipoketi kupiga hesabu. Kutoka mwandamo wa Mfungo Tano hadi tarehe 12 Mfungo Sita, siku aliyozaliwa Mtume, ni siku 40 au 41. Mwaridi kwenye joto la pwani huchukua takriban wiki sita kutoka siku ya kukatwa mpaka ua lake lipasuke. Bibi hakuwahi kusoma kitabu cha bustani. Alikuwa ameutazama mmea mmoja kwa miaka mingi, na mwezi ukamtosha kuwa kalenda.

Neno lake moja, "umechoka", ndilo lililonipa sura hii. Nimewaona watu wengi wakiupenda mwaridi na kuupoteza, nami ni mmoja wao, na karibu kila mara chanzo kimekuwa kilekile: tunaulisha, tunaunywesha, tunaupulizia dawa, lakini hatuupumzishi. Ili kueleza kwa nini mwaridi unahitaji kupumzishwa, inanibidi nitoke kwanza Ngamiani niende mbali kidogo.

Miwaridi ni mimea ya kaskazini ya dunia. Kusini mwa Sahara ipo aina moja tu ya asili, Rosa abyssinica, yenye maua meupe, inayoota katika nyanda za juu za Ethiopia na nchi za jirani. Nyingine zote, na ni zaidi ya mia, zimezaliwa Asia, Ulaya, Amerika ya Kaskazini na ukingo wa kaskazini wa Afrika, nyingi zikiwa kwenye nchi zenye majira ya baridi kali. Mmea uliolelewa na baridi ya namna hiyo umejifunza kulala. Majani hupukutika, utomvu hutulia, na macho madogo kwenye matawi hungoja.

Walio na jamaa Oman wanaujua vizuri mwaridi unaolala, hata kama hawajauona. Ni ule wa Jabal Akhdar, wa jamii ya mwaridi wa Dameski, unaolimwa kwenye matuta ya mawe kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Kule juu kuna baridi ya kweli, na baada yake mwaridi huchanua kwa majuma machache, hasa mwezi wa Aprili, kisha basi mpaka mwaka mwingine. Wakulima huchuma kabla jua halijapanda, kwa sababu jua likishapanda harufu hupotea hewani. Petali hutiwa kwenye chungu ndani ya tanuri la udongo, chombo kidogo hutegwa ndani kukinga matone, na juu kabisa hukaa bakuli la maji baridi. Mvuke ukigota kwenye bakuli hugeuka maji, ukadondoka. Hayo ndiyo marashi ya waridi yenye kaharufu ka moshi yanayofika Unguja, Mombasa na Tanga kwenye mabegi ya wasafiri, na ndiyo yaliyokuwa ndani ya mrashi wa bibi.

Nadhani wazee wetu waliyajua marashi kabla hawajaujua mti wenyewe. Lugha inaelekea huko. Tuna neno halwaridi, mafuta mazito ya waridi, na tuna rangi ya waridi, ambayo mtu akiitaja dukani muuza vitambaa hatakuletea nyekundu wala manjano. Atakuletea rangi ileile ya ua la Dameski.

Lakini mwaridi wa Dameski ukiupanda Tanga utakupa majani na miiba. Hauna baridi ya kuuamsha. Ule wa kwenye debe ulikuwa na damu nyingine, damu ya Uchina.

Wachina walikuwa na miwaridi isiyojua kuacha kuchanua, na karne nyingi zilipita kabla Ulaya haijaiona. Ilifika kule mwishoni mwa karne ya 18 na kuwaduwaza watunza bustani waliozoea maua ya mara moja kwa mwaka. Siku hizi sababu yake inajulikana. Ndani ya mwaridi wa kawaida imo jeni yenye kazi ya kuuzuia mmea usitoe maua mpaka wakati wake ufike. Katika miwaridi ya Uchina kipande cha DNA kimejipachika katikati ya jeni hiyo, ikaharibika. Breki imekatika. Kila chipukizi linalotoka, kubwa au dogo, huishia kwenye ua, na ua likishapita, jicho lililo chini yake hutoa chipukizi lingine, nalo likaenda kwenye ua.

Hapa bahari yetu wenyewe inaingia katika hadithi, jambo ambalo hunifurahisha kila nikilisimulia. Kisiwa cha Réunion, mashariki ya Madagaska, enzi hizo kikiitwa Bourbon, kilikuwa na desturi ya kuzungushia mashamba ua wa miwaridi: wa Uchina ukipandwa sambamba na wa Dameski wa aina inayochanua mara mbili kwa mwaka. Miwaridi hiyo ikachavushana yenyewe. Katika miaka ya 1810 ukaonekana mche usiofanana na mzazi yeyote, una harufu ya Dameski na ukaidi wa Uchina. Mtaalamu wa mimea wa Kifaransa, Bréon, aliyefika kisiwani mwaka 1817, akapeleka mbegu Ufaransa kwa mtunza bustani Jacques, na kutoka hapo ukazaliwa ukoo mzima unaoitwa Bourbon. Damu ya ukoo huo imo katika miwaridi mingi ya leo yenye ua kubwa la kufunguka taratibu, ile ambayo jadi yake huhesabiwa tangu mwaridi 'La France' wa mwaka 1867. Kwa hiyo ukinunua mche kitaluni Arusha au Nairobi, kuna uwezekano mkubwa kwamba babu yake mmoja aliota kwenye ua wa shamba ndani ya Bahari ya Hindi.

Sasa tuiweke breki hiyo iliyokatika mahali pake. Huko Ulaya mwaridi wa namna hii hauna tabu kubwa, kwa kuwa Novemba ikifika baridi huufunga kwa nguvu. Kwetu hakuna wa kuufunga. Unachanua Januari, unachanua Aprili, unachanua Septemba, ukitumia akiba iliyomo kwenye matawi na mizizi. Mwaka wa kwanza mwenye nyumba hufurahi. Mwaka wa pili vikonyo vinakuwa vyembamba kama njiti na maua yanapungua ukubwa. Mwaka wa tatu shina linaanza kukauka kutoka juu kuteremka, na mtu anasema udongo wake haupendi mawaridi.

Vitabu vilinipotosha hapa. Nilivisoma vya Kiingereza vilivyoniambia nipogoe mwisho wa Februari theluji ikianza kuyeyuka, nami nikakata mwisho wa Februari, katikati ya kaskazi, joto likiwa kali kuliko miezi yote. Machipukizi yalitoka laini yakababuka. Yaliyosalia yalikutana na masika ya Machi, yakaoza kwa madoa. Nilipoteza miche miwili mizuri kabla sijatambua kwamba ushauri ule ulikuwa wa kweli kwa nchi nyingine. Tarehe ile ilikuwa ya kuufuata usingizi ulioletwa na majira. Mimi nilikuwa na mmea usiolala kabisa, ukinisubiri niulaze kwa mkono wangu.

Basi kwetu mkasi ndio baridi, na swali la kwanza ni lini. Pwani, wakati bora ni masika yakishakata, yaani Juni, upepo wa kusi ukiwa umetulia katika ubaridi wake. Ukipogoa hapo, majani mapya yanatoka kwenye hewa kavu kiasi, na maua yanafunguka Julai na Agosti, miezi ambayo usiku wa pwani una nafuu. Mara ya pili, kwa wepesi, ni Septemba, ili mwaridi uingie vuli ukiwa na majani yaliyokomaa. Milimani mambo yanageuka. Lushoto, Limuru, Njombe, miezi ya Juni na Julai ina ukungu na baridi yake, na mwaridi hupunguza mwendo wenyewe. Huko ngoja baridi ielekee ukingoni, Agosti, ndipo ukate, uukabidhi kwenye joto linalorudi.

Mwezi wa bibi ulikuwa na kasoro moja, nami naisema kwa heshima. Mfungo Tano huzunguka mwaka mzima, ukitangulia siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Ilifika miaka ukaangukia katikati ya masika. Nakumbuka Maulidi moja ambayo sinia lilikuwa na asumini tupu, na mawaridi matatu yenye ukingo wa kahawia. Bibi aliyaweka juu kabisa vilevile.

Kuhusu namna ya kukata. Wiki moja au siku kumi kabla, punguza maji, usiyakatishe kabisa, uuache mmea uhisi kwamba mambo yanabadilika. Noa mkasi wako wa kupogolea, uufute kwa spiriti, kwa sababu ugonjwa husafiri kwenye makali kutoka mti hadi mti. Anza na yale ambayo hayana mjadala: tawi lililokufa, lililo jembamba kuliko penseli, na yanayosuguana, ambapo mojawapo liondoke. Ukimaliza hapo simama, urudi nyuma hatua tatu, uutazame mti. Unatafuta matawi matatu hadi matano yenye afya, yaliyoelekea nje kama vidole vya mkono uliokunjuliwa, katikati pakiwa wazi hewa ipite.

Kila tawi ulilobakisha lifupishe juu ya jicho linalotazama nje. Jicho ni kale kavimbe kekundu kwenye kwapa la jani. Kata nusu sentimita juu yake, mkato ulale kidogo upande wa pili wa jicho ili maji yasitiririkie juu yake. Ukikata mbali mno, kisiki kitakauka na kukaribisha uozo. Ukikata karibu mno, jicho lenyewe litakufa. Urefu wa kukata ndio unaotofautiana na vitabu vya kaskazini. Wao huukata mwaridi mpaka kwenye goti au chini zaidi, kwa kuwa akiba yake imehifadhiwa kwa miezi ya usingizi. Wetu haukupata miezi hiyo. Akiba yake iko kwenye matawi na majani uliyonayo mbele yako, kwa hiyo pwani sikati zaidi ya nusu, na mara nyingi theluthi moja inatosha. Yaache majani machache mazima chini. Kisha weka mboji au samadi iliyooza vizuri, nyunyiza maji mengi, na uanze kuhesabu siku.

Hesabu hiyo ndiyo biashara kubwa ya Naivasha. Mashamba ya pale, kando ya ziwa lililo karibu mita 1,900 juu ya bahari, hukata na kubana machipukizi mwezi wa Desemba ili vikonyo viwe tayari kabla ya tarehe 14 Februari. Usiku wa Naivasha una baridi, ua hukua polepole, ndiyo maana huchukua muda mrefu kuliko Tanga na ndiyo maana huwa kubwa vile. Joto huharakisha kila kitu: waridi la pwani huja upesi, dogo, hufunguka asubuhi na kesho yake jioni limeshalegea. Sioni kwamba ni dosari. Ni ua la siku moja, kama asumini, na kikuba hakihitaji zaidi ya usiku mmoja.

Katikati ya mapogoleo makubwa, kazi ni ndogo: kuondoa maua yaliyonyauka. Usikate shingo tu. Teremka na kikonyo mpaka ukute jani lenye vijani vitano. Lililo karibu na ua huwa na vitatu, na jicho lake ni dhaifu. Kata juu ya lile la vitano. Na ua moja moja uliache likauke pale lilipo mwisho wa msimu, kabla ya kupogoa. Mwaridi unaoanza kutunga mbegu hupunguza haraka yake.

Nije kwenye udongo, ambapo watu wa pwani wana tatizo lao wenyewe. Mwaridi hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Sehemu kubwa ya mwambao wetu, kuanzia Tanga na Mombasa hadi mashariki ya Unguja, imekaa juu ya jiwe la matumbawe, na udongo wake ni wa chokaa. Humo chuma kipo lakini mizizi haiwezi kukichukua, na dalili yake haifichiki: majani machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, kama ramani ya mito. Nimewaona watu wakiutia mwaridi huo jivu la jikoni wakidhani wanaulisha. Jivu linazidisha chokaa. Dawa ni mboji, nyingi, na tena mwakani, au kupanda kwenye chombo ambacho udongo wake umeuchanganya mwenyewe.

Mimi nimechagua chombo. Ndoo ya rangi ya lita 20 iliyotobolewa matundu sita chini inatosha mwaridi wa ukubwa wa kawaida. Natia mafungu mawili ya udongo mwekundu tifutifu, fungu moja la samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi sita, na fungu moja la mchanga wa mto. Mchanga wa baharini usiuguse. Mwaridi hauvumilii chumvi: kingo za majani zinaungua kahawia, ukidhani ni kiu unaongeza maji ya kisima kilekile chenye chumvi, na unauua taratibu. Ukiwa na kisima cha namna hiyo, kinga maji ya mvua kwenye pipa yatunze kwa ajili ya mwaridi, na mara moja kwa mwezi umwagie ndoo nzima ya maji matamu yateremke na chumvi iliyojikusanya. Juu ya udongo tandika majani makavu au makumbi ya nazi kuzuia joto. Makumbi yaloweke kwanza na kumwaga maji yake mara mbili, kwa kuwa nayo yana chumvi.

Jua la saa sita kwa siku linatosha, na la asubuhi ni bora kuliko la alasiri. Maji ni asubuhi, kwenye shina.

Nasisitiza asubuhi kwa sababu ya doa jeusi. Ugonjwa huu umeua miwaridi mingi ya pwani kuliko mingine yote ninayoijua. Jani linapata madoa meusi ya mviringo yenye ukingo wa kuchanika, pembeni panageuka manjano, linaanguka, na ndani ya majuma mawili mti umebaki fito. Ni kuvu, na mbegu zake zinahitaji jani lililolowa kwa muda wa kama saa saba mfululizo ili ziote. Fikiria basi yule anayemwagilia bustani magharibi baada ya kazi, na mpira wa maji juu ya majani: amempa kuvu usiku mzima. Anayemwagilia saa moja asubuhi, jani lake limekauka kabla ya saa tatu. Okota majani yaliyoanguka kila siku uyachome au uyafukie mbali, maana mvua itakayopiga juu yake itayarusha madoa kwenye majani ya juu. Mkato wa Juni nao unafanya kazi hapo, kwa sababu unaondoa matawi yaliyobeba ugonjwa wa masika yote.

Milimani adui ni ubwiri unga, ukungu mweupe kama unga wa ngano juu ya majani machanga na vitumba. Huu ni kinyume cha doa jeusi: unapenda mchana mkavu na usiku wenye unyevu wa baridi, na maji juu ya jani huuzuia. Nafasi ya hewa katikati ya mti inasaidia kuliko dawa.

Vidukari vitakuja, kila mahali, kwenye ncha laini. Mama mmoja huzaa bila dume, wakiwa hai, na wiki moja inatosha kufunika kitumba. Ukiona sisimizi wakipanda na kushuka kwenye shina, jua wamevifuata. Wanakunywa maji yao matamu na kuvilinda. Bibi alivipangusa kwa vidole viwili, asubuhi na jioni, na sijaona njia bora kwa mtu mwenye mti mmoja au miwili. Wenye mingi watikise kijiko cha chai cha sabuni ya kipande iliyokwaruzwa ndani ya lita moja ya maji, wajaribu kwanza kwenye jani moja, wapulizie asubuhi. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulazwa kwenye maji usiku kucha nayo hufaa. Msimguse mdudu kibibi, yule wa mgongo mwekundu wenye madoa, kwa kuwa yeye na watoto wake hula vidukari mchana kutwa.

Ikiwa maua yako yanakwenda kwenye kikuba au sharbati, ishia kwenye sabuni na mwarobaini. Na mawaridi ya kununua dukani, yaliyokuja na basi au ndege kutoka mashamba makubwa, yapambie tu. Yamepuliziwa dawa zisizokusudiwa kuingia kinywani.

Wengi huniuliza kama wanaweza kupanda kikonyo cha ua la dukani. Baadhi huota mizizi, kisha hudhoofika. Miwaridi ya mashambani ni ya kubebesha: jicho la aina yenye ua zuri limepachikwa juu ya mche mwingine wenye mizizi ya nguvu, na huku kwetu unaotumika sana ni ule unaoitwa Natal Briar. Ua hilo likitenganishwa na mizizi iliyolibeba hujikuta na kazi lisiyoizoea. Hata mche wa kitaluni mara nyingi ni wa kubebesha, na hilo lina hatari yake. Mwaka mmoja mwaridi wangu mwekundu ulitoa chipukizi kutoka chini ya udongo, nene, lenye kasi, nikalishangilia na kulipa fito ya kuegemea. Majani yake yalikuwa madogo zaidi na miiba yake ya namna nyingine, lakini sikutaka kuyaona hayo. Baada ya mwaka mwaridi mwekundu ulikuwa umekufa, na mche wa chini umebaki peke yake. Maotea ya chini ya kiungo yafuate mpaka yanapochomoza uyang'oe kwa mkono. Ukiyakata kwa mkasi yatarudi mawili.

Mwaridi wa kienyeji, kama ule wa bibi, umesimama juu ya mizizi yake, na ndio unaopandika kwa urahisi. Chagua tawi lililotoka kutoa ua, unene wa penseli. Kata urefu wa shibiri moja, lenye macho manne, mkato wa chini uwe chini kidogo ya jicho. Ondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu. Lichomeke mpaka nusu kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na mboji kidogo, ulifunike na chupa ya maji iliyokatwa kitako, uliweke kivulini. Kiazi mviringo ambacho watu huonyeshana kwenye simu, cha kuchomekea kijiti, nimekijaribu mara mbili. Kilioza na kijiti kikaoza nacho. Mizizi huhitaji wiki nne hadi nane. Usivute kijiti kukagua. Chipukizi likishatoa majani kamili, ndipo ukihamishe.

Mwaka bibi alipofariki, kabla nyumba haijakabidhiwa kwa wapangaji, nilikwenda uani na mkasi. Debe lilikuwa limeliwa na kutu upande mmoja na mzizi umetokeza nje. Nilikata vipandikizi sita, nikavifunga kwenye kitambaa cha maji. Vilishika vinne. Viwili viko kwangu, kwenye ndoo za rangi. Kimoja kilikufa na chumvi ya kisima. Cha nne nilimpa shangazi yangu anayekaa Lushoto.

Huko kwake umekuwa mti wa kufika kiunoni, na maua yake ni makubwa mara mbili kuliko tuliyoyazoea, rangi imekolea. Mwaka wa kwanza aliukata kama nilivyomwelekeza, mwezi wa Mfungo Tano ulipoandama, na Maulidi ikampita ukiwa na vitumba vya kijani. Alinipigia simu. "Mwanangu," akasema, "huku mwezi wako hautoshi." Tulihesabu pamoja kwenye simu, tukakuta unamchukua wiki nane.

Wiki nane ni siku 56, kwa hiyo tangu hapo yeye hukata Mfungo Nne ukiwa karibu na tarehe 15, mwezi ukiwa mpevu. Ni rahisi kwake kukumbuka, maana usiku huo uani pake panaonekana bila taa. Mimi nangoja uandame upya. Asubuhi ya mkesha wa Maulidi shangazi huyafunga maua ya kwake ndani ya jani la mgomba, akampa kondakta wa basi la alfajiri, na adhuhuri nayapokea stendi ya Tanga yakiwa bado na ubaridi. Kwenye sinia huyapanga makubwa pembeni. Madogo ya ndoo huyaweka katikati, karibu na mrashi.